Nani anatunza maswali unayouliza mtandaoni?

Katika semina zetu za matumizi salama ya mtandao, asubuhi ya siku ya pili huwa nawaomba washiriki wafungue simu zao, waingie kwenye akaunti zao za Google, wabonyeze "Data na faragha", kisha "Shughuli Zangu", mahali Google inapoorodhesha ulichotafuta. Baada ya hapo sisemi kitu. Ukumbi hunyamaza wenyewe.

Safari moja washiriki walikuwa walimu wa shule za msingi. Mwalimu mmoja wa kike wa safu ya mbele aliilaza simu yake kifudifudi mezani kabla sijafika kwake. Wakati wa chai akanifuata pembeni. "Mtaalamu, mbona imeandika mpaka saa niliyouliza?" Lilikuwa swali la miezi minane nyuma, saa nane na dakika kumi usiku, kuhusu uvimbe kwenye titi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe.

Kwenye Facebook mtu hujipamba na kuchagua maneno. Kwenye kisanduku cha kutafutia haigizi. Anaandika kile kinachomkosesha usingizi, tena kwa maneno ambayo hata daktari hayasikii. Kwa sababu hiyo orodha ya maswali yako inakueleza vizuri kuliko kitambulisho chako.

Hilo lilidhihirika Agosti 2006. Kampuni ya AOL ya Marekani iliweka hadharani maswali takriban milioni 20 ya watumiaji wake wapatao 650,000, yaliyokusanywa kwa miezi mitatu, ikidhani inawasaidia watafiti. Majina iliyaondoa, kila mtu akabaki na namba. Haukupita muda, waandishi wa The New York Times wakabisha hodi kwa bibi mmoja mjane wa jimbo la Georgia. Walichofanya ni kusoma tu alichotafuta: watu wa ukoo wake, mafundi wa bustani wa mji wake, maradhi ya rafiki zake, na mbwa anayekojoa kila mahali. AOL iliomba radhi na kuyaondoa mafaili hayo, lakini nakala zilikwisha kusambaa.

Sasa, kwa nini karibu sote tunatumia injini moja ya utafutaji, yaani Google? Kwa kiasi ni kwa sababu ni nzuri, na sitaki kulikataa hilo. Lakini pia kwa sababu simu huja nayo ikiwa imeshachaguliwa. Katika kesi ambayo Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, ilielezwa kuwa mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye vivinjari (programu za kufungulia tovuti, kama Chrome) na simu za kampuni nyingine. Fedha hiyo inalipwa kwa kuwa watu wengi hawagusi mipangilio, nami kwa miaka yote ya kufundisha sijaona ushahidi wa kinyume.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya nusu dakika na hakumalizi bando. Kwenye Chrome bonyeza vitone vitatu vya juu kulia, ingia "Mipangilio", tafuta mahali pa mtambo wa kutafuta (ndiyo injini yenyewe), chagua jina jingine. Basi.

Swali gumu ni jina lipi. Ipo DuckDuckGo, aliyoianzisha Gabriel Weinberg huko Marekani mwaka 2008. Ipo Startpage ya Uholanzi, Qwant ya Ufaransa, Ecosia ya Ujerumani inayopanda miti kwa faida yake, Mojeek ya Uingereza, na Brave Search iliyoanza 2021. Watu huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wanapokosea.

Injini ya utafutaji inahitaji faharasa, yaani orodha kubwa ya kurasa za intaneti iliyokwisha kusomwa na kupangwa. Kuitengeneza ni gharama kubwa mno. Mojeek na Brave wana ya kwao. DuckDuckGo huchukua sehemu kubwa ya majibu yake kwa Bing ya Microsoft, na Startpage imekuwa ikikuletea majibu ya Google yenyewe. Msomaji atauliza: sasa nimekimbia nini? Ifikirie hivi. Unahitaji dawa ya fangasi na unaona haya, ukamtuma mtoto wa jirani dukani. Mwenye duka anamwona mtoto, anatoa dawa, hajui inakwenda nyumba gani. Startpage ndiye huyo mtoto: hulipeleka swali lako bila anwani yako ya IP (namba inayokitambulisha kifaa chako mtandaoni) na bila vidakuzi vyako (vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kifaa chako ili zikukumbuke), kisha hukurudishia jibu. Ila sasa mtoto anajua. Imani uliyokuwa umeiweka kwa mwenye duka umeihamishia kwake, kwa hiyo ni haki yako kuuliza ni mtoto wa nani na ana mdomo wa namna gani.

Hata watoto wenye sifa nzuri huteleza. Mwaka 2022 mtafiti mmoja aligundua kuwa kivinjari cha simu cha DuckDuckGo, si injini yake ya utafutaji, kilikuwa kikiviachia baadhi ya vifuatiliaji (programu ndogo zinazofuatilia unachofanya) vya Microsoft kwenye tovuti za watu wengine kwa sababu ya mkataba wa kibiashara. Kelele zilipigwa, na Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kuvizuia zaidi. Bado naipendekeza kwa anayeanza. Matangazo yake hufuata neno uliloandika sasa hivi: ukitafuta baiskeli unaonyeshwa baiskeli, na kesho haikumbuki kwamba uliwahi kutaka baiskeli. Pia ina njia ya mkato ninayoipenda: ukianza na !w unapelekwa Wikipedia, ukianza na !g unapelekwa Google kwa swali hilo moja tu.

Na Google utaihitaji. Kwa Kiswahili, na kwa mambo ya mtaani kama duka la dawa lililo wazi usiku, injini hizi mbadala nyingi bado ziko nyuma. Mimi nikitafuta zahanati natumia ramani za Google kama kila mtu. Nikitafuta habari za ugonjwa, deni au kesi, naenda kwingine.

Kinachonisumbua zaidi ni watu wanaobadilisha injini wakadhani wametoweka. Ukibonyeza jibu umeshatoka mikononi mwa injini. Tovuti uliyoingia ina vifuatiliaji vyake, na vingi ni vya kampuni zilezile ulizozikwepa. Startpage ina kitufe cha kufungua ukurasa kupitia seva yake ili tovuti isikuone, kitumie kwa mambo mazito. Kampuni yako ya simu, kwa sababu mawasiliano mengi siku hizi yamefungwa kwa HTTPS, njia inayoyaficha yakiwa safarini, haioni maneno uliyoandika, ila huweza kuona umeingia tovuti gani. Kompyuta ya ofisini ni ya ofisi.

Hali fiche ("Incognito" kwenye Chrome) nayo imewapumbaza wengi. Inachofanya ni kutoacha historia kwenye simu yako. Mwaka 2020 watumiaji huko Marekani waliishtaki Google wakidai iliendelea kukusanya taarifa zao wakiwa katika hali hiyo, na katika makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 kampuni ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi. Hata hivyo usiidharau, maana hatari ya kwetu mara nyingi haiko California, kwenye makao ya Google. Iko kwa fundi simu uliyemwachia simu na namba ya siri ili abadilishe kioo, au kwa shemeji aliyeazima simu apige mara moja. Kwa hao hali fiche inafaa kweli.

Kuhusu VPN, yaani programu inayoyapitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, nitasema machache. Ya bure inayaona mengi ambayo kampuni ya simu ingeyaona, na lazima ipate riziki yake mahali fulani. Kwa walio Tanzania, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kwa mamlaka hiyo, hivyo lisome kabla hujapakua.

Upande wa sheria tumesogea. Kenya na Uganda zilipata sheria zao za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ya kupokea malalamiko. Taarifa za afya sheria hiyo inazihesabu kuwa nyeti. Lakini sheria haikufutii historia iliyomo kwenye simu yako.

Ndicho alichotaka kujua yule mwalimu. Chai yake ilikuwa imepoa. "Na yale niliyokwisha kuuliza?" Nikamwonyesha kwamba palepale kwenye "Shughuli Zangu" unaweza kuiagiza akaunti iifute yenyewe historia iliyozidi miezi 3, 18 au 36, au kuisimamisha isirekodi kabisa. Akachagua mitatu. Kisha akaniuliza kama anaweza kuufuta mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe, nikamwambia bonyeza hapo kwenye alama ya X. Akageukia dirishani akaufuta, ndipo akaniambia kuwa miezi ileile alikwenda hospitali, na ulikuwa uvimbe wa kawaida.