Ndoa yako ya Uganda mbele ya afisa wa viza

Wateja wangu wengi wanaoomba viza ya kumfuata mume au mke ng'ambo hujiandaa kwa swali la pili na kulisahau la kwanza. Wanakuja ofisini, hapa Kampala, na bahasha nene: picha za harusi, meseji za WhatsApp, risiti za kutumiana pesa, tiketi za ndege. Wanataka kuonyesha kwamba wanapendana kweli, na hilo litaulizwa. Lakini kabla ya kufika huko, afisa wa viza anauliza jambo kavu zaidi: hawa wawili ni mume na mke kisheria? Jibu lake linatafutwa hapa Uganda, kwa sababu Uingereza, Marekani na Kanada zote huanza kwa kuangalia kama ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa.

Kwa hiyo swali langu kwa kila anayeketi mbele yangu ni hili: mlioana kwa sheria gani? Uganda ina ndoa ya serikali, inayofungwa na msajili wa URSB, yaani ofisi ya taifa ya usajili, au na mkurugenzi wa wilaya, yule tunayemwita CAO. Kuna ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu, na ya kimila. Ya serikali na ya kanisani ziko chini ya sheria moja; nyingine kila moja ina sheria yake, na zote zina karatasi zake. Anayeshindwa kujibu swali hilo kwa sentensi moja bado hayuko tayari kulipa ada ya viza.

Ya kimila ndiyo inayonichukua muda mwingi. Familia imekuja kukyala (ziara ya kwanza ya posa), baadaye ikafanya kwanjula (sherehe ya utambulisho nyumbani kwa binti), mahari ikatolewa mbele ya koo mbili, wazee wakala wakashiba, kila mtu kijijini anajua fulani ameolewa. Yote sawa. Ila sheria ya kuandikisha ndoa za kimila, ya mwaka 1973, inawataka wanandoa waende kuiandikisha gombolola (ofisi ya serikali ngazi ya chini ya wilaya) ndani ya miezi 6 tangu sherehe zikamilike, wakiwa na mashahidi wasiopungua wawili waliokuwepo. Wachache sana huenda. Mahakama zetu zimeshasema kwamba kutoiandikisha hakuifuti ndoa iliyokamilika kwa mila za kabila husika, na mbele ya jaji hapa nchini unaweza kuithibitisha kwa mashahidi. Lakini afisa wa viza hana nafasi ya kumsikiliza ssenga wako, yaani shangazi yako. Kanuni za Uingereza zinataka ndoa ya nje ithibitishwe kwa hati inayolingana na cheti cha ndoa, iliyo halali kwa sheria ya nchi ilikofungwa. Picha ya vikapu vya matunda na wazee waliovaa kanzu inaonyesha kwamba sherehe ilifanyika, na inaishia hapo.

Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, pia haitoshi. Watu huileta wakiwa na imani kubwa nayo kwa sababu ina muhuri. Mwenyekiti anaweza kusema unaishi kwenye eneo lake na kwamba anakujua. Hana mamlaka ya kusajili ndoa. Iweke kwenye faili kama ushahidi wa makazi, kisha nenda gombolola hata kama miezi 6 imepita zamani. Tafuteni waliokuwepo siku ile wangali hai na wangali na kumbukumbu, mwandikishe, mpate cheti. Fanyeni hivyo kabla ya kuomba viza, maana kutafuta mashahidi baada ya kunyimwa ni mateso.

Halafu kuna suala la tarehe. Tuseme kwanjula ilikuwa 2019 na kanisani mmeenda 2022. Fomu inauliza mlioana lini. Mke anaandika 2019, kwa sababu ndiyo siku baba yake alimtoa. Mume aliyeko Manchester anaandika 2022, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye cheti. Wote wawili wanasema ukweli, na faili linaonekana la uongo. Kwa sheria yetu, mliooana kimila mnaruhusiwa kufunga ndoa kanisani au kwa msajili ninyi kwa ninyi. Kinachokatazwa ni kwenda kuifunga na mtu mwingine. Basi elezeni zote mbili kwenye barua ya maombi, mtumie tarehe moja ya cheti kwenye fomu zote, na msiifiche ile sherehe ya kwanza. Picha za kwanjula zimejaa Facebook, na maafisa wanajua kutafuta.

Ndoa ya kanisani huonekana haina shida, mpaka tugundue kanisa lenyewe halikuwa na leseni ya kufungisha ndoa. Haya ni mambo ya kuhuzunisha sana, kwa sababu wanandoa walifanya kila walichoambiwa na mchungaji wao. Kanisa lenye leseni linatakiwa kupeleka taarifa za ndoa zake URSB kila mwezi. Cheti kizuri chenye nembo ya kanisa, ambacho nakala yake haikufika kwa msajili, kitakutoa jasho siku ubalozi ukiamua kukihakiki. Nendeni URSB muulize kama ndoa yenu imo kwenye daftari lao, muombe nakala iliyothibitishwa. Kama haimo, rudini kanisani mkamfuate mchungaji mpaka apeleke taarifa. Kama kanisa halikuwa na leseni, njia safi ni kufunga ndoa ya serikali, kwa notisi ya siku 21, na kueleza wazi kilichotokea.

Kwa ndugu zetu Waislamu, nikahi yenyewe huwa haina mgogoro. Mgogoro uko kwenye nikahi za mbali: bwana harusi yuko Toronto, wakala wake yuko Bombo, shehe anafungisha, simu imewekwa sauti ya juu ili bwana harusi asikie. Hapa nchi zinaachana. Kanada tangu Juni 2015 haikubali ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo mwenyewe, iwe kwa wakala, kwa simu au kwa intaneti. Marekani haiitambui mpaka wanandoa wakutane kimwili kama mume na mke baada ya hiyo nikahi. Watoto waliozaliwa kabla yake hawasaidii hoja hiyo. Uingereza huweza kuikubali ikiwa ilikuwa halali hapa, mradi wawili hao wamewahi kuonana ana kwa ana. Ushauri wangu hauyumbi: kama bwana harusi anaweza kupanda ndege, asubiriwe.

Suala la wake wengi nalizungumza waziwazi, kwa sababu wanaume huliruka. Mila na sheria ya Kiislamu hapa vinaruhusu. Uingereza haitampa viza mke wa pili wakati mwingine ameshaingia kama mke wa mwanamume huyohuyo. Tena mwanamume ambaye makao yake ya kudumu kisheria yako Uingereza, na tayari ana mke, akija Mbarara kuoa mwingine kimila, ndoa hiyo kule inahesabiwa batili hata kama hapa mahari imepokewa. Na aliyefunga ndoa kanisani au kwa msajili, hata hapa Uganda hana ruhusa ya kuoa mwingine kimila ndoa ya kwanza ikiwa hai. Dada, uliza mapema.

Aliyewahi kuoa au kuolewa alete karatasi ya talaka, na tuisome pamoja mpaka mstari wa mwisho. Mahakama zetu hutoa kwanza hukumu ya muda, na ile ya mwisho hufuata baada ya miezi 6 au zaidi, ikiombwa. Wengi huondoka na ya kwanza wakidhani mambo yamekwisha. Ukioa ukiwa na hiyo tu mkononi, umeoa ukiwa bado mume wa mtu.

Kuishi pamoja, hata miaka 10 na watoto 4, hakugeuki ndoa kwa sheria ya Uganda. Hilo si mwisho wa safari. Uingereza inapokea wapenzi wasiooana kama uhusiano wao umefanana na ndoa kwa angalau miaka 2. Omba kwa kuutaja uhusiano wenu kama ulivyo. Mtu akikuahidi cheti kesho asubuhi kutoka Nasser Road, mtaa wa Kampala unaojulikana kwa hati za kughushi, achana naye. Cheti cha kughushi kinaweza kukufungia Uingereza kwa miaka 10, Kanada kwa miaka 5, na Marekani huenda usiingie maisha yako yote.

Kipato cha mdhamini, ambacho Uingereza tangu Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka kwa waombaji wapya, nakiacha leo. Kinahitaji makala yake.

Majina lakini siyaachi. Pasipoti inasema Muhammad, cheti cha nikahi kinasema Mohamed, kitambulisho cha taifa kinasema Muhamad, na tarehe ya kuzaliwa inapishana kwa mwaka. Kirekebishwe kinachoweza kurekebishwa. Kisichowezekana, kiapo mbele ya kamishna wa viapo kieleze kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja.

Na kila karatasi ya Kiganda, Kiswahili au Kiarabu itafsiriwe Kiingereza. Kwa Uingereza mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano yake. Hata zile meseji za WhatsApp mlizoandikiana kwa Kiswahili zinahesabiwa: chagueni chache zenye tarehe, kutoka miezi tofauti, mzitafsiri zote mlizochagua.