"Njaa ikimshika atakula": dhana potofu kuhusu mafua ya paka wachanga

Juzi asubuhi, hata chai sijaimaliza, nilikuwa nimeshaisikia mara mbili. "Dokta, hajala tangu jana, lakini njaa ikimshika atakula mwenyewe." Wa kwanza alikuwa kijana wa chuo. Wa pili alikuwa mama wa makamo aliyekuja na boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Hawajuani, ila sentensi ni ileile. Nimeijibu kwa mdomo miaka yote ya kazi hii, leo nimeona niijibu kwa maandishi, koo nalo lipumzike.

Ndani ya boksi la yule mama mlikuwa na mtoto wa paka wa wiki sita hivi. Macho yameganda matongo, pua imezibwa na makamasi yaliyokauka yakawa gamba la kahawia, na kila akipumua anakoroma kama mzee aliyelala chali. Nikamweka kwenye mzani: gramu 430. Paka wa umri ule nategemea afike 600. Kwenye kona ya boksi kulikuwa na kifuniko cha ndoo ya mtindi na dagaa watatu, wakavu, hawajaguswa.

"Unaona? Anachagua chakula," mama akasema. "We mchome hata sindano moja tu."

Hachagui. Hanusi. Paka huanza kula kwa pua kabla ya ulimi, na pua ikiziba, dagaa na kokoto kwake ni kitu kimoja. Mimi na wewe tukishikwa na mafua tunajilazimisha uji usio na ladha kwa sababu tunajua tusipokula tutaishiwa nguvu. Paka hana hesabu hiyo. Anaweza kulala kando ya sahani iliyojaa mpaka akafa, na mwenye nyumba akasema alikuwa anadeka.

Kuna na jambo la pili ambalo watu hawaliangalii kwa sababu hawafungui mdomo wa paka. Mafua haya kwa sehemu kubwa huletwa na virusi vya aina mbili, herpesi ya paka na kalisivirusi. Kalisi ina tabia ya kuchimba vidonda kwenye ulimi. Paka wa namna hiyo utamwona anasogelea chakula, anakigusa, kisha anarudi nyuma huku anatokwa na mate. Yule ana njaa tayari. Imemshika tangu jana. Kinachomzuia ni maumivu.

Na mtoto wa paka hana akiba ya kungojea. Mafuta hana, ini lenyewe dogo. Akikosa chakula kwa saa chache sukari ya damu inaanza kushuka, joto la mwili linafuata, na akishapoa utumbo unazubaa, kiasi kwamba hata ukimlisha chakula hakisagwi. Ndiyo maana nasema kila siku: mpashe joto kwanza, mlishe baadaye. Kwa paka wa wiki sita, saa 12 bila kula mimi siziachii. Saa 24 ni dharura, hata kama macho yake bado yanang'aa. Paka mkubwa naye asijidanganye kwa unene wake: akikaa siku chache bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini na kulijaza, ukawa ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza.

Virusi wenyewe, kwa paka anayekula na kunywa, mara nyingi hulegea ndani ya siku 7 hadi 10, wakati mwingine wiki mbili au tatu. Kazi yetu basi ni kumfikisha huko akiwa hai. Hakuna sindano inayoifanya kazi hiyo badala yako.

Nilichofanya pale mezani mama akiangalia ni hiki. Pamba, maji vuguvugu, nikaikandika kwenye pua kwa dakika nzima mpaka gamba likalainika na kutoka lenyewe. Usilibandue kavu, chini yake ngozi ni mbichi. Kisha tone moja moja la maji ya chumvi ya dawa kila tundu. Akapiga chafya tatu mfululizo, makamasi yakanirukia kwenye koti. Hizo ndizo chafya tunazozitaka. Nikampeleka chumba cha kuogea, nikajaza beseni maji ya moto, nikafunga mlango, tukakaa humo dakika kumi, boksi lake likiwa kando ya beseni na si juu yake. Tuliporudi nikachukua wale dagaa wake walewale, nikawaosha chumvi, nikawaponda na maji ya moto mpaka wakawa uji, nikasubiri upoe hadi ule uvuguvugu unaoupima kwa kudondoshea kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Nikampaka kidogo kidoleni.

Kichwa kikainuka. Akanusa, akatulia, akanusa tena. Akalamba kidole, halafu akaingiza mguu mmoja ndani ya kibakuli.

Mama akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Na sindano?"

Si wote wanaoamka hivyo. Wengine pua inafunguka na bado hawataki, hao unawalisha kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Na hapa ndipo ninapopandisha sauti, kwa sababu karibu kila mtu anamlaza paka chali mkononi kama mtoto mchanga wa binadamu. Chali, chakula kinaingia mapafuni, na mafua yanageuka kuwa nimonia. Paka ananyonya kwa mama yake akiwa amelalia tumbo. Mweke hivyohivyo, amesimamia miguu yake au amelalia tumbo, amefungwa kanga mwili kichwa kikiwa nje. Bomba liingie pembeni ya mdomo, nyuma ya jino la chonge, umpe nusu mililita, usubiri ameze, ndipo umpe nyingine. Tumbo lake linabeba takriban mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo mmoja, kwa hiyo yule wa gramu 430 asizidishiwe mililita 17. Kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu au nne, na usiku uamke.

Halafu mzani. Watu wangu wameshanizoea kwa hili na wengine wananicheka, lakini kama una mzani wa jikoni wa kupimia unga, kila asubuhi saa ileile mpime paka na uandike kwenye kalenda ya ukutani. Mtoto wa paka mzima huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Akisimama palepale siku moja, ongeza milo. Akipungua siku mbili mfululizo, usiniambie kwamba leo kachangamka. Nionyeshe kalenda.

Haya, mengine.

"Nilimpa nusu ya panadol, ana homa." Hili lingekuwa la kwanza kama ningepanga kwa idadi ya maiti. Ini la paka limepungukiwa kimeng'enya cha kuvunjia paracetamol, kwa hiyo dawa inageuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa, basi fikiria nusu kwa mtoto. Dawa ya maji ya watoto ni paracetamol ileile. Fizi zinageuka rangi ya chokoleti au kuwa za kijivu, uso na nyayo zinavimba, pumzi inakwenda mbio. Dawa ya kuizuia ipo, lakini inataka uwahi, na inataka useme ukweli kwamba ulimpa. Wengi wanaficha kwa aibu na sisi tunapoteza saa nzima tukitafuta.

"Nimemkoroga kitunguu saumu, ndimu na asali." Hiyo ni tiba ya bibi yako, na bibi yako hakuwa paka. Kitunguu saumu na kitunguu maji vyote huvunja damu ya paka, vikiwa vibichi, vya kupikwa au ndani ya supu. Asali haitamvutia kitu, maana ulimi wa paka hauna uwezo wa kuonja utamu. Nyungu nayo, tangu ule mwaka wa 2020 ambao kila nyumba ilikuwa inajifukiza, naletewa paka waliofunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi. Mafuta ya mkaratusi na kafuri ni sumu kwao, na zile dawa za kupaka kifuani wanazilamba zote. Mvuke wa maji matupu unatosha.

"Mpe maziwa apate nguvu." Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi, na paka anayepoteza maji kwa pua na macho hana maji ya ziada ya kuyamwaga upande wa pili. Kama bado ananyonya, tafuta maziwa maalumu ya watoto wa paka. Kama ameshaachishwa, maji na chakula chenye mchuzi.

"Ni baridi ya usiku, alinyeshewa." Huyu mama wa boksi aliniapia hivyo, kwa sababu masika yalikuwa yamekolea na watoto wa paka walizaliwa chini ya ngazi. Baridi inamdhoofisha, kweli, lakini virusi lazima vitoke kwa paka mwingine, na mara nyingi paka huyo ni mama yao, mzima, ananawiri, hana hata chafya. Herpesi ya paka ikishaingia haitoki. Inajificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso na kungoja siku ambayo paka atasumbuka: kuhamishwa nyumba, kupigana na paka shume, kuzaa, kunyonyesha. Siku chache baada ya msukosuko huo virusi vinaanza kutoka tena puani, kimya kimya. Watoto wake wanalindwa na kinga waliyoipata kwenye maziwa ya mwanzo, lakini kinga hiyo hupungua kadiri wiki zinavyokwenda, ndiyo maana tunaletewa watoto hao wakiwa na wiki nne, sita, nane. Kwa hiyo yule anayeniambia "alipona mwaka jana, virusi vilishaisha" ajiandae: macho yatachuruzika tena siku atakapoleta paka wa pili nyumbani.

"Alichanjwa, mbona kaumwa?" Kwa mafua haya chanjo kazi yake ni kupunguza makali, haifungi mlango kabisa. Na sindano moja ya wiki nane haihesabiki kuwa amechanjwa. Tunaanza wiki ya sita hadi ya nane, tunarudia kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, kwa sababu ile kinga ya mama inayobaki mwilini huikwamisha chanjo.

"Antibiotiki ndiyo dawa." Kwa virusi haifanyi kitu. Natoa pale makamasi yanapokuwa mazito ya kijani, homa haishuki na paka anazidi kudhoofu, maana bakteria huwa wameshapanda juu ya virusi. Nikikupa vidonge vya doksisaiklini, kila kidonge kifuatishwe na maji kwa bomba au chakula, kwa sababu kikinasa kooni kinaunguza na umio unaweza kubana moja kwa moja. Lile kopo la unga wa antibiotiki ya kuku lililobaki bandani, liache bandani.

"Nilimwekea dawa ya macho ya mjomba." Soma kopo. Kama ina deksamethasoni au steroidi nyingine, umemwagia petroli: herpesi hutoboa kioo cha jicho, na steroidi inaipa nafasi. Macho safisha kwa maji ya chumvi, pamba moja kwa jicho moja, kutoka kona ya puani kwenda nje, kisha uitupe. Kwa watoto ambao macho hayajafunguka bado, ukiona kope zimevimba kama kuna punje ya kunde chini yake, huo ni usaha. Usisubiri siku ya kufunguka.

"Lysini inatibu." Ile asidi amino ya kuongezwa kwenye chakula ilipendwa sana zamani, nami niliwahi kuiandika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuona faida yoyote. Nunulia hela hiyo samaki.

"Ataambukiza watoto nyumbani." Virusi hivi haviwapati binadamu. Mikono yako, hata hivyo, inavibeba kutoka paka hadi paka vizuri kabisa. Na ile sanitaiza ya spiriti unayojisifu nayo haiiwezi kalisi, ambayo inaweza kukaa kwenye sehemu kavu hata mwezi. Sabuni na maji kwa mikono. Vyombo na sakafu, vioshe kwanza, kisha maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, mililita 30 kwa lita moja ya maji, yakae dakika 10, usuuze na ukaushe kabla paka hajarudi.

Yule wa gramu 430 aliondoka bila sindano, mama amenuna, mkononi ana bomba, kichupa cha maji ya chumvi na karatasi niliyoichora mistari ya siku kumi ya kuandika uzito. Nilimwambia na hili, nawaambia na nyie: paka anayehema mdomo wazi kama mbwa aliyekimbizwa, au fizi zake zimekuwa nyeupe au za bluu, au amepoa na hashtuki ukimgusa, hapo usinipigie simu kuuliza umpe nini. Funika boksi, weka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo ndani yake, uje.