Moshi au vumbi? Namna ninavyousoma utando wa kijivu kwenye picha za setilaiti

Katika miezi ya kiangazi, picha ya rangi ya kawaida iliyopigwa kutoka angani huonyesha utando wa kijivu uliotanda kuanzia Angola hadi kusini mwa Kongo, na asiyezoea anaweza kuuita vumbi, ukungu au mawingu mepesi bila mtu kumbishia. Kazi yangu ni kusema ni kipi hasa. Jicho peke yake halitoshi, kwa sababu moshi na vumbi hutofautiana zaidi kule ambako jicho halifiki.

Tofauti huanzia kwenye ukubwa wa chembe. Chembe nyingi za moshi wa nyasi na miti hazifiki mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), ilhali vumbi lililotoka tu kupeperushwa huwa na chembe kubwa kuliko hizo mara kadhaa. Moshi hutawanya mwanga wa jua, hasa ule wa buluu, lakini joto linalotoka ardhini kwa njia ya infraredi, yaani miali isiyoonekana kwa jicho, hupenya ndani yake karibu bila kizuizi. Vumbi lina silika nyingi, madini ya mchanga, nayo hulinyonya joto hilo kwa viwango tofauti kwenye mawimbi yenye urefu wa mikroni 8.7, 10.8 na 12. Setilaiti za Meteosat hupima mawimbi hayo yote matatu. Tukitafuta tofauti ya kipimo kimoja na kingine na kuipa rangi, vumbi hujitokeza kwa waridi iliyokolea, hata usiku wa manane, wakati ambapo moshi hauonekani kabisa.

Mahali ninapopenda kuwaonyesha wanafunzi jambo hili ni bonde la Bodélé nchini Chad, ambako upepo hubanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, kisha hupiga sakafu ya ziwa kubwa lililokauka zamani. Picha za kila dakika 15 zikifuatanishwa kama filamu, asubuhi huchomoza nyuzi chache za waridi, kila uzi ukianzia mahali pake. Kufikia adhuhuri zimekwisha kuungana, zikawa shuka moja inayosogea kusini-magharibi.

Moshi huwa na ncha nyembamba inayopanuka kadiri unavyoufuata upepo, na ncha hiyo tunailinganisha na alama za joto, yaani nukta za ramani zinazoonyesha mahali setilaiti ilipohisi moto. Kihisi cha VIIRS, kilichomo kwenye setilaiti kama NOAA-20, hupita kwetu takriban saa saba na nusu mchana na saa kama hiyo usiku, kikiwa na pikseli za mita 375. Moto mdogo kuliko pikseli hiyo nao huweza kunaswa, kwa kuwa kwenye mikroni 4 hivi miali hung'aa kupita kiasi ikilinganishwa na ardhi inayoizunguka. Hata hivyo, mawingu huziba kila kitu. Moto ulipozuka Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020, katika eneo la Whona kati ya vituo vya wapandaji vya Mandara na Horombo, uliwaka kwenye mlima ambao hujifunika mawingu mara kwa mara, na kwenye mlima wa namna hiyo kukosekana kwa alama za joto si ushahidi kwamba moto umezimika. Ninalisisitiza hili kwa sababu kuna watu wanaoingia msituni wakitegemea ramani hizo.

Lipo pia suala la kimo, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Picha hujumlisha hewa yote kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo moshi ulio kilomita 4 juu ya paa na moshi ulio dirishani huweza kufanana kabisa. Setilaiti ya EarthCARE, iliyorushwa Mei 2024, hupima kimo kwa miali ya leza, ila tu kwenye mstari mwembamba inapopita. Mtu akiniuliza kama watoto wacheze nje, ninaiacha picha na kutafuta kipimo cha PM2.5 (chembe laini za hewani zisizozidi mikroni 2.5) kilichochukuliwa chini, na kwa kuwa katika miji yetu mingi vifaa hivyo ni haba, ninasoma taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege ulio karibu: ikiwa mtazamaji ameandika kwamba haoni zaidi ya mita 5000, kisha akaweka herufi FU za moshi au DU za vumbi, basi najua utando umeshashuka hadi wanapopumua watu.