Je, wajua kwa nini Land Cruiser nyingi za zamani Arusha huvaa matairi membamba?

Yaangalie magari ya utalii yanayopita Kisongo asubuhi kuelekea Makuyuni. Land Cruiser ndefu za 70 Series, zimejaa abiria na mizigo, na nyingi zinatembea juu ya matairi membamba, marefu, ya 7.50R16. Pembeni yake inapita Prado ya mtu binafsi imevalishwa matairi mapana yanayochomoza nje ya bodi. Wengi hudhani mwenye Prado ndiye aliyejipanga vizuri kwa safari ya porini. Mara nyingi ni kinyume chake, na sababu zake ndizo zitakazokuongoza ukienda dukani kutafuta matairi ya A/T, yaani yale ya lami na vumbi kwa pamoja, kwa ajili ya gari la zamani.

Namba kwanza. Katika 7.50R16, ile 7.50 ni upana kwa inchi, R ni aina ya radiali, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukikuta 7.50-16, yenye kistari badala ya R, hilo ni tairi lenye nyuzi za mshazari. Ubavu wake ni mgumu na huvumilia mawe, lakini kwenye lami hupata joto haraka. Usichanganye aina hizo mbili kwenye ekseli moja. Prado nyingi za miaka ya 1990 hutumia 265/70R16: upana ni milimita 265, na kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, karibu milimita 186. Ubavu wa 7.50R16 unafika karibu milimita 200. Tairi jembamba ndilo lenye ubavu mrefu, na ubavu mrefu humeza shimo kabla rimu haijagonga jiwe.

Wembamba nao una kazi. Masika yakipamba moto, barabara za mlimani Kibosho na Old Moshi huwa na utelezi wa udongo mwekundu juu na ardhi ngumu chini. Uzito wa gari ukikaa juu ya eneo dogo, tairi hukata utelezi huo likashika pagumu. Tairi pana huelea juu yake, na gari likaanza kwenda kimshazari kuelekea mtaroni. Njia ya kutoka Engaruka kwenda Ziwa Natron ina mawe makali ya volkano. Huko tairi pana linaukabidhi ubavu wake kwa mawe, wakati ubavu ndiyo sehemu isiyozibika pancha ikakaa salama. Mchangani unahitaji eneo kubwa la kukanyaga, lakini ukipunguza upepo, alama ya tairi huongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Ndiyo maana hata jembamba hupita. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa tambarare za Simanjiro, A/T la upana wowote hujaa tope kwenye mifereji na kugeuka kipara. Hapo subiri jua au tafuta njia nyingine.

Basi kwa nini usichukue M/T, yale ya tope yenye kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga ardhi, kubwa zilizoachana? Kwa sababu kutoka Arusha hadi Karatu ni karibu kilomita 140 za lami. M/T hugusa lami kwa mpira mchache, kwa hiyo breki zinachelewa kukamata mvua ikinyesha, kelele huzidi, na kashata huliwa upesi. H/T ya lami nayo hukatikakatika kwenye kokoto za kutoka Ngorongoro kwenda Naabi. A/T hukaa katikati. Lililo zuri lina kashata za kimo cha milimita 10 hadi 13 likiwa jipya, mabega yenye meno yanayoshuka kidogo ubavuni, na vinundu vidogo ndani ya mifereji vya kusukuma mawe nje. Vinundu hivyo wengi hawavitazami. Bila hivyo, jiwe hubanwa, likaendelea kutoboa kila gurudumu linapozunguka mpaka lifike kwenye nyaya.

Gari la zamani huumizwa zaidi na ukubwa wa tairi kuliko gari jipya. Dizeli isiyo na tabo, mfano injini ya Land Cruiser ya 1HZ ya lita 4.2, hupoteza nguvu kadiri hewa inavyopungua. Arusha mjini uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro karibu mita 2,300. Ukitoa 265/70R16 yenye kipenyo cha takriban milimita 777 ukaweka 285/75R16 ya takriban 834, umeongeza asilimia 7. Ni sawa na kuzipandisha gia zote kidogo: mlimani utarudi gia ya chini mapema, klachi itateseka, na breki za zamani zitakuwa na kazi kubwa zaidi. Spidomita nayo itadanganya. Kama ilikuwa sahihi, ikisoma 50 wewe unakwenda karibu 54, na trafiki mwenye tochi kati ya Arusha na Moshi hatasikiliza hesabu ya matairi. Beringi, tairodi na boksi ya stelingi hubebeshwa mzigo ambao havikutengenezewa. Ushauri wetu ni kubaki ndani ya asilimia 3 ya kipenyo cha asili.

Matairi manne yalingane: saizi moja, muundo mmoja, kulika kunakokaribiana. Gari lisilo na difu ya katikati, ukiliingiza gia ya magurudumu manne, hulazimisha mbele na nyuma kuzunguka sawasawa. Matairi ya mbele yakiwa makubwa kuliko ya nyuma, nguvu hukwama ndani ya transifa, yaani boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, mpaka kitu kikatike au gia ikatae kutoka. Kwenye 80 Series za magurudumu manne muda wote, na RAV4 za zamani, tofauti hiyo hukipasha moto na kukiua taratibu kile kiungo chenye mafuta mazito kinachogawa nguvu. Spea nayo ihesabiwe hapo. Nunua matano, si manne.

Kuhusu uzito, soma namba iliyo baada ya saizi. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni 1,215, na 121 ni 1,450. Gari la tani 3 lenye mzigo nyuma linaweza kuweka kilo 900 juu ya kila tairi la nyuma hata kabla ya mtikisiko wa mashimo, kwa hiyo acha nafasi. Magari ya mizigo na utalii yanastahili tairi lenye alama ya LT, yaani la magari ya mizigo midogo, na 8PR au 10PR, kipimo cha uimara wa tabaka zake. Escudo au RAV4 ya familia haihitaji 10PR. Tairi hilo ni zito, gari litaruka kama punda, na shokapu zitakufa mapema.

Kisha tafuta namba ya DOT ubavuni, inayoonyesha tairi lilitengenezwa lini. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata kama tairi halijawahi kutembea, kwa hiyo usilipe bei ya tairi jipya kwa lililokaa zaidi ya miaka mitano. La mtumba, mwambie fundi alifungue. Angalia viraka vya ndani, nyaya za ukingoni na nyufa kati ya kashata. Likiwa na nyufa za ubavuni, liache hata kama kashata zimejaa.

Rimu za vipande, zile zenye pete, zinadai tyubu na flapu. Tyubu ikisuguana na tairi lenye upepo mdogo hupata joto, na tairi likiteleza juu ya rimu huing'oa valvu. Ukitaka kuhamia tyublesi, 235/85R16 ina kipenyo kinachokaribia kabisa kile cha 7.50R16, ila inahitaji rimu ya kipande kimoja yenye upana wa inchi 6 hadi 7.5.

Makosa mengi yapo kwenye upepo. Kwa gari lililobeba, 35 hadi 40 psi kwenye lami ni mwanzo mzuri, ila kibao cha mlangoni kikisema zaidi, kifuate. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, 28 hadi 30, na mwendo usizidi 60. Mchangani, 18 hadi 20 kwa tyublesi, taratibu kabisa, halafu jaza mara unapotoka. Kwenye tyubu usishuke chini ya 25, isipokuwa unajinasua kwa mwendo wa mtu anayetembea. Namna ya kuhakiki ni hii: pima tairi likiwa baridi, tembea kama saa moja, pima tena. Upepo ukiwa umepanda zaidi ya psi 6, ulianza na mdogo, tairi linajikunja mno na linajipika. Ukipanda chini ya 4, ulianza na mwingi. Matairi mengi yanayopasuka kwa kishindo kwenye lami yalitoka mchangani bila kujazwa.

Siku ya kufunga, alaimenti ifanywe baada ya kurekebisha bolijointi na bushi zilizolegea, kwa sababu alaimenti juu ya bushi mbovu haidumu hata wiki. Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, tembea kilomita 50 hadi 100, kisha zikaze tena. Rangi na kutu kati ya rimu na habu hujisaga na kuzilegeza. Badilisha nafasi za matairi kila kilomita 8,000, spea ikiwemo. Kashata zikifika milimita 4 kabla ya masika, panga fedha ya seti nyingine, hata kama alama ya mwisho wa kulika, ya milimita 1.6, bado haijaguswa.