Imunotherapi ya aleji siyo ile sindano ya kukata mafua

Jamani tuelewane kidogo kwenye hili neno imunotherapi. Mtu anampeleka bimkubwa dispensari, chafya haziishi, macho yanawasha, anachomwa sindano, jioni kapata nafuu, basi kwenye grupu la familia inaandikwa "mama kafanyiwa imunotherapi ya aleji". Hapana, hajafanyiwa.

Kifupi, imunotherapi ya aleji ni kumpa mtu kile kile kinachomsumbua, iwe chavua, utitiri wa vumbi au sumu ya nyuki, kwa dozi ndogo sana inayopandishwa taratibu mpaka mwili ukizoee. Ya sindano huanza kila wiki kwa miezi kadhaa, kisha kila mwezi, jumla miaka 3 hadi 5. Ipo na ya vidonge au matone ya chini ya ulimi, kila siku.

Sasa ile ya dispensari mara nyingi ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, kama haidrokotizoni au zile zinazokaa mwilini wiki kadhaa, au dawa ya jamii ya Piriton. Inazima dalili, haiubadilishi mwili, ikiisha nguvu chafya zinarudi na mzee anarudi kuchomwa tena. Hapa ndipo naumia, maana kijana akichomwa moja inapita, ila mzee wa miaka 70 mwenye kisukari steroidi inampandishia sukari, ikirudiwarudiwa inadhoofisha mifupa na kuleta mtoto wa jicho, na hiyo Piriton inamlevya, anachanganyikiwa, mwenye tezi dume mkojo unagoma, akiamka usiku anaanguka. Halafu watu wanaambiana imunotherapi siyo nzuri kwa wazee, wakati huyo mzee hajawahi hata kuionja.

Wengine wanachanganya na ya kansa. Ile iliyowapa wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018 inaachia breki za kinga ili ishambulie uvimbe. Ya aleji inakwenda upande mwingine kabisa, inaituliza kinga. Mwenye aleji kinga yake haijapungua, inapigana na kitu kisicho adui, kwa hiyo huo unga wa "kuongeza kinga" mnaowauzia wazee wenye mafua ya aleji hauna kazi hapo.

Na wanaoiita chanjo ya aleji siwalaumu sana, ni ya zamani hiyo. Daktari Leonard Noon pale London mwaka 1911 alianza kuwachoma watu maji ya chavua ya nyasi akiamini chavua ina sumu, kwa hiyo kwake ilikuwa ni kuchanja kweli. Maelezo yake hayakuwa sahihi ila tiba ilisaidia, na bado inatumika.

Tuje kwenye umri. Uzee peke yake haumzuii mtu. Kinachoangaliwa ni pumu isiyotulia, hali ya moyo, na dawa za presha anazomeza, hasa beta-bloka kama atenololi, kwa sababu sindano ikimletea shida dawa ya kumwokoa ni adrenalini na beta-bloka zinaipunguzia nguvu. Ndiyo maana baada ya kila sindano anakaa nusu saa akiangaliwa. Aliyewahi kuzimia kwa kuumwa na nyuki daktari anaweza kuamua kuendelea hata hivyo, maana kuumwa tena ni hatari zaidi. Na kabla ya yote lazima kipimo cha ngozi au damu, kwa kuwa mafua mengi ya uzeeni siyo aleji, kuna wazee pua inachuruzika wakinywa tu supu ya moto, huyo hata achomwe miaka 5 haitamsaidia.

Kwa hiyo ukisikia mzee kapewa imunotherapi, uliza kwa upole alipimwa akaonekana ana aleji ya nini, na sindano inayofuata ni lini. Kama hakupimwa, sema tu kachomwa sindano ya aleji, na safari ijayo mwambie daktari mapema kwamba ana sukari.