Shoti ni nini hasa?

Jioni moja jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, Mama Rehema, aligonga mlango. "Jirani, friji langu lina shoti. Nikiligusa linanitetemesha mkono." Wiki hiyohiyo kijana anayeegesha gari uani kwetu akalalamika kwamba gari lake lina shoti, kila asubuhi anakuta betri imekufa. Na mdogo wangu alikuwa amechomeka pasi, ikatoa cheche shingoni mwa waya, breka ikashuka na nyumba nzima ikawa giza. Naye akasema shoti.

Watu watatu, neno moja. Mwenye shoti kati yao alikuwa mmoja tu, yule wa pasi. Ukitaka kujitengenezea vitu vyako nyumbani, hapo ndipo pa kuanzia, maana ukikosea jina utatafuta ubovu mahali ambapo haupo.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kiingereza, lakini Kiswahili kilikuwa na shoti yake ya siku nyingi: mbio za farasi. Nazipenda zote mbili zikikaa pamoja. Umeme uliopiga shoti ni umeme uliopata njia ya mkato na sasa unakimbia shoti.

Tazama pasi. Umeme unaingia kwa waya mmoja (laivu), unapita kwenye koili inayotoa joto, unarudi kwa waya wa pili (nyutro). Ile koili ni kama foleni ya Buguruni. Inaubana umeme usikimbie, na katika kubanwa huko ndimo joto la kunyooshea nguo linamotoka. Kubana huko kunaitwa ukinzani na hupimwa kwa omu. Sasa ukikunja waya wa pasi miaka miwili mahali palepale, mpira wa ndani unapasuka, laivu inagusa nyutro kabla ya kufika kwenye koili. Umeme umepata uchochoro. Hauna tena haja ya foleni.

Piga hesabu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Pasi ya wati 1,000 inavuta mkondo (wingi wa umeme unaopita) wa kama ampia 4.3, na ukinzani wake ni omu 53 hivi. Nyaya zikigusana, kinachobaki ni ukinzani wa waya mtupu, tuseme nusu omu. Gawa volti kwa omu, yaani 230 kwa 0.5, unapata ampia 460. Ni zaidi ya mara mia ya mkondo wa kawaida, kwa waya uleule mwembamba. Ndiyo maana kuna cheche, harufu, na shaba iliyoyeyuka ikawa kidonge.

Kazi ya fyuzi na breka ni kufa kabla ya waya. Fyuzi ni kiwaya dhaifu kilichowekwa makusudi kiungue kwanza. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, mara nyingi ya ampia 13, ingawa kwa redio au taa ya mezani ya ampia 3 inatosha na ni salama zaidi. Kwenye gari fyuzi zinajulikana kwa rangi: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Mtu anayebadilisha nyekundu kwa kijani kwa sababu "nyekundu inaungua ovyo" hajatengeneza kitu. Amehamisha kazi ya kuungua, ameupa waya uliojificha nyuma ya dashibodi. Wale wanaoweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi ndio kabisa.

Nasema kwa uchungu kidogo. Gari langu la kwanza, mtumba kutoka Japani, lilikuwa likiunguza fyuzi ya taa za breki kila baada ya siku mbili tatu. Fundi mmoja akaniwekea kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi na kuniambia hiyo haiungui. Kweli, haikuungua. Kilichoungua ni waya wa taa za nyuma, nikiwa kwenye mataa na moshi unatoka chini ya kiti. Nilichomoa waya wa betri kwa mikono inayotetemeka.

Baadaye nilijifunza njia ya balbu, na tangu hapo sinunui fyuzi za majaribio. Kwenye gari bodi nzima ni waya wa kurudia, imefungwa kwenye hasi ya betri. Kwa hiyo waya wowote wa umeme ukichubuka na kugusa chuma, hiyo ni shoti. Toa fyuzi inayoungua. Mahali pake unga balbu ya taa ya breki, ya volti 12 na wati 21, kwa vipande viwili vya waya. Zima au chomoa kila kinachotumia fyuzi hiyo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, na haitaunguza kitu kwa sababu balbu yenyewe inaubana mkondo usifike hata ampia 2. Sasa tembea na waya. Utikise, uvute taratibu, inua mkeka. Mahali ambapo balbu inazimika ukigusa, hapo ndipo penye ubovu. Kwangu, balbu za breki zikiwa zimechomolewa na mtu amekanyaga pedali, palikuwa kwenye bawaba ya buti. Waya wa taa ya juu ya breki unapita pale, na kila buti likifunguliwa na kufungwa unakunjwa. Ulikuwa umechubuka kama ukucha wa kidole, basi. Nikaunga upya, nikavalisha mpira, nikarudisha fyuzi nyekundu.

Mafundi redio wa Kariakoo wanatumia ujanja huohuo kwa umeme wa nyumbani: balbu ya wati 100 inaungwa kwa mfululizo na kifaa kinachojaribiwa, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye kifaa. Kikiwa na shoti, balbu inawaka kabisa na hakuna kilicholipuka. Kikiwa kizima, balbu inamulika kidogo au inawaka mara moja na kufifia. Lazima iwe balbu ya zamani yenye kiwaya ndani, si ya LED. Na usiitumie kwa pasi au birika. Vifaa vya joto vinavuta umeme mwingi hata vikiwa vizima, balbu itawaka tu na utadanganyika. Pasi ichomoe ukutani, zungusha kitufe chake cha joto hadi juu, kisha pima kati ya pini ya laivu na ya nyutro kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Ukisoma omu hamsini na kitu ni nzima, karibu na sifuri ni shoti, na isiposoma chochote waya umekatika mahali au koili imekufa. Kwa vyovyote, kitu cha volti 230 kikiwa kimefunguliwa na kimechomekwa, mikono inakaa mbali. Ile ya gari ya volti 12 haikupigi, ingawa spana ikigusa ncha zote mbili za betri itawaka nyekundu mkononi mwako.

Kuzidiwa si shoti. Ukichomeka birika la wati 2,000 na pasi ya 1,000 na jiko dogo kwenye ekstensheni moja, hakuna waya uliogusana na mwingine. Ni mzigo tu umezidi. Plagi moja ya ampia 13 mwisho wake ni kama wati 3,000. Dalili ni tofauti: shoti inakata papo hapo, kuzidiwa kunapasha moto plagi polepole hadi inanuka. Kuna pia wanaochomeka moja kwa moja birika la mtumba la Japani, ambako umeme ni volti 100, likaungua dakika ileile, nao wanasema shoti. Hapana, umelilisha zaidi ya mara mbili ya chakula chake.

Na yule kijana wa betri? Shoti haina subira ya kungoja asubuhi. Ingekuwa shoti, fyuzi ingekufa au gari lingeungua. Lake lilikuwa na kitu kinachonyonya kidogokidogo usiku. Zima kila kitu, funga milango, chomoa waya wa hasi na upitishe multimita katikati yake na betri. Subiri gari lilale. Miliampia 20 hadi 50 ni za kawaida, za saa na alamu. Lake lilisoma karibu nusu ampia. Tukachomoa fyuzi mojamoja hadi namba ikaanguka. Ilikuwa redio aliyofungiwa mtaani, waya wake wa swichi umeunganishwa moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo haikuwa ikilala kabisa.

Limebaki friji la Mama Rehema. Kitu kinachokutetemesha ukikigusa kinavujisha. Umeme umefika kwenye bati la nje lakini haujapata pa kwenda, unakungoja wewe uwe njia, hasa ukiwa pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu. Mtu huanza kuuhisi kwenye miliampia 1 hivi. Dawa ya uvujaji ni ethi, ule waya wa tatu wa kijani na njano unaoupeleka umeme ardhini. Nikafuata waya wa friji hadi kwenye ekstensheni, nikaifungua: tundu tatu kwa nje, nyaya mbili tu ndani. Zimejaa mjini hizo, ni za bei poa.

Nikamletea ekstensheni ya nyaya tatu. Tukachomeka, na papo hapo ile breka ya uvujaji kwenye meni swichi, inayokata kwenye miliampia 30, ikashuka.

"Sasa ndiyo umeliua kabisa," akasema.

Nikamwambia hapana, mama, sasa ndiyo linasema ukweli. Umeme uliokuwa unamngoja yeye umepata ardhi, na breka imeuona. Nikachomoa friji, nikalisogeza. Nyuma, karibu na kompresa, waya ulikuwa umelalia ukingo wa bati hadi ukachubuka, na matone ya maji yalikuwa yanadondokea palepale. Nikabadilisha kipande kile, nikakifunga mbali na ukingo. Ingekuwa ubovu uko ukutani au kwenye meni swichi nisingegusa, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji.

Tukachomeka tena. Breka ikatulia. Mama Rehema akavaa ndala, akaligusa friji kwa mgongo wa kidole kimoja, akangoja kidogo, kisha akavua ndala na kuligusa tena.