Galoni za kale na tani za meli: uliza mwaka kwanza

Ukifungua hati ya shehena ya meli ya Kiingereza ya karne ya 18 au 19, utakuta divai au mafuta ya nyangumi yameandikwa kwa galoni, na meli yenyewe kwa tani. Wengi huzigeuza galoni kuwa lita, wakagawanya kwa 1,000, wakaandika "tani". Jibu hilo si sahihi, na likishaingia kwenye tasnifu hunakiliwa miaka nenda miaka rudi. Sisi tunaoshughulika na vipimo vya kale tunaulizwa jambo hili mara kwa mara, kwa hiyo tulieleze kwa kituo.

Tani ya meli ilizaliwa na pipa. Katika Enzi za Kati, meli zilizobeba divai kutoka Bordeaux kwenda Uingereza zilihesabiwa kwa mapipa makubwa yaliyoweza kuingia ngamani, yaani kwenye tumbo la meli panapowekwa shehena. Pipa hilo, tuni, ndilo lililokuwa tani moja ya meli, na lilikuwa na galoni 252 za divai. Hesabu hiyo ilikuwa na uzito wa kodi: mfalme wa Uingereza alijichukulia tuni moja kwenye meli iliyoleta tuni 10 au zaidi, na tuni mbili zikifika 20. Tuni iligawanyika katika mapipa mawili ya galoni 126, au manne ya galoni 63, au sita ya galoni 42. Hiyo 42 ingali hai: ndiyo pipa la mafuta ghafi linalotajwa kwenye habari kila siku, kwa kuwa wachimbaji wa Pennsylvania waliafikiana kulitumia mwaka 1866.

Sasa galoni. Galoni ya divai ilikuwa inchi za ujazo 231, yaani lita 3.785, na Marekani inaitumia hadi leo. Galoni ya bia ilikuwa kubwa zaidi, inchi 282. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyoanza kutumika Januari 1826, ilizifuta zote mbili ikaweka galoni moja ya kifalme ya lita 4.546. Hii ndiyo iliyotufikia Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Waingereza, na debe la mafuta ya taa lilikuwa galoni nne zake. Kwa galoni hii mpya, tuni ni galoni 209.8 tu, sawa na lita 954 hivi, au madebe 52 na nusu.

Tuseme hati inasema "galoni 21,000" za divai. Ikiwa ni ya mwaka 1810, gawanya kwa 252: unapata tuni 83. Ikiwa ni ya mwaka 1850, gawanya kwa 209.8: unapata tuni 100. Tarakimu ni ileile, wino ni uleule, lakini tuni 17 zimetofautiana. Ndiyo maana mtu akituletea hesabu, tunatazama tarehe ya hati kabla ya kitu kingine.

Ugumu wa pili ni nafasi. Kimiminika hakikai ngamani kikiwa uchi. Kimo ndani ya mbao nene, mbao zina tumbo la mviringo, na kati ya pipa na pipa pana uwazi. Wafaransa waliliweka wazi katika amri yao ya bahari ya mwaka 1681: tuni yao ya Bordeaux, yenye lita 900 hivi za divai, ilihesabiwa kuchukua mita za ujazo 1.44 za meli. Karibu theluthi mbili ni divai, iliyobaki ni mbao na hewa.

Waingereza nao walitafuta njia ya kupima meli bila kuhesabu mapipa. Kanuni iliyowekwa kisheria mwaka 1773 ilichukua urefu kwa futi, ikapunguza tatu ya tano ya upana, ikazidisha kwa upana, tena kwa nusu ya upana, kisha ikagawanya kwa 94. Meli ya futi 100 kwa 25 hutoa tani 282 na ushei. Kina hakimo! Kilichukuliwa tu kuwa nusu ya upana. Waundaji wakaunda meli nyembamba zenye kina kirefu ili wabebe mzigo mwingi kwa ada ndogo, maana ada ilifuata tani, na vyombo hivyo vilikuwa vibaya baharini. Kwangu mimi hilo ni funzo zito la jinsi kipimo kibovu kinavyoharibu hata umbo la chombo.

Mwaka 1854 Uingereza ikafuata njia ya Mwingereza George Moorsom: pima nafasi ya ndani, kila futi za ujazo 100 ziwe tani moja ya usajili, sawa na mita za ujazo 2.83. Turudi kwenye zile galoni 21,000 za mwaka 1850. Divai peke yake ni mita za ujazo 95.5, ambazo ni tani za usajili 34. Ukiiweka kwenye mapipa kwa kadirio la Kifaransa, inahitaji mita 153 hivi, yaani tani 54. Na kwa lugha ya mabaharia wa kale, huo ni mzigo wa tani 100. Zote tatu ni sahihi, mradi uandike ni tani ipi.

Kwa meli za sasa usijaribu kabisa kugeuza galoni kuwa tani. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, ulioanza kutumika Julai 1982, hupata ukubwa wa meli kwa kanuni ya hisabati yenye logi (logarithimu) ya ujazo wake. Namba inayotoka haina kizio nyuma yake, kama vile lita au futi, na hakuna idadi maalumu ya galoni kwa kila moja.